Sifa za Bwana Kimya

Anasemwa vibaya mno. Vijana wa Muyinga, Burundi, wanaokwenda Gitega kufanya usaili hurudi wakinung'unika: mwajiri hakupiga simu, hakuandika, hakutuma hata mtu. Mimi naona wanamvunjia heshima mtu mkubwa. Na kwa kuwa Bwana Kimya hana desturi ya kujisemea, acha nimsemee.

Kwanza, analisha watu wengi kuliko waajiri wenyewe. Tangazo la kazi likitoka, mwombaji atafute barua, wasifu, nakala za diploma zilizogongwa muhuri, kitambulisho, picha za pasipoti, na cheti cha kuonyesha hajawahi kuhukumiwa, tena kisiwe kimepita miezi mitatu. Vyote viingie katika bahasha iliyofungwa. Hapo mwenye mashine ya fotokopi amekula, mpiga picha amekula, dereva wa Probox amekula. Anayefunga ni mwombaji peke yake. Na kwa kuwa hakuna atakayemwambia alipokosea, tangazo lijalo atarudi na makosa yaleyale, ila cheti kitakuwa kimekwisha muda, atalipia kipya. Biashara hailali.

Angalieni pia uaminifu uliopo. Kijana anathibitisha kwa muhuri kwamba alisoma, na kwa muhuri mwingine kwamba si mhalifu. Mwajiri yeye husema "tutakupigia", kwa mdomo mtupu, na hakuna anayemdai hata sahihi.

Usaili wenyewe ni wa kupendeza. Kijana ameondoka Muyinga gizani, kwa nauli iliyopanda tangu mafuta yawe adimu, akapita Karusi amebanwa kiti cha nyuma, shati jeupe amelikunja ndani ya gazeti lisichafuke. Analivaa Gitega, nyuma ya kibanda cha chai, huku mwenye chai akimshikia bahasha. Ndani anahojiwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza kidogo. Kiswahili, ambacho tangazo lilisema ni nyongeza, na ambacho amejifunza vizuri kwa wafanyabiashara wa mpakani Kobero, hakiulizwi. Mwishoni linakuja lile swali: unajiona wapi baada ya miaka mitano? Mkweli angejibu: palepale nilipo, karibu na chaja, nikisubiri simu.

Halafu wanamwambia uamuzi uko Bujumbura. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, lakini Bujumbura ilibaki na biashara, na makampuni yakabaki nayo. Kwa hiyo mtu wa Muyinga anahojiwa Gitega na watu wasioamua, na anaamuliwa Bujumbura na watu wasiomwona. Bwana Kimya hana shida na umbali. Anafika kote kwa wakati mmoja, bila kupanga foleni ya petroli.

Na uvumilivu wake! Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5. Muyinga ikaingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Karusi ikamezwa na Gitega. Wapo walioomba kazi wakiwa wakazi wa mkoa wa Muyinga. Mkoa umeondoka, jibu halijafika. Serikali imechora ramani upya kabla ya ofisi moja kuandika mistari miwili ya kusema "samahani, hukupata". (Mistari miwili, jamani. Karani angeiandika akisubiri chai ipoe.)

Wanaodai majibu husema mtu akijua amekosa hutafuta njia nyingine: atalima, atafungua duka, atavuka kwenda Tanzania. Hasa! Ndiyo hatari anayotukinga nayo Bwana Kimya. Asiyejua hatoki mjini, hazimi simu, haazimishi baiskeli yake, na kila mama yake akipiga kuuliza "wamekuita, mwanangu?" anamkatia haraka asije akaziba laini.

Wala msidhani matokeo hayatangazwi kabisa. Siku moja sokoni Muyinga kijana atasimamishwa na mgeni aliyevaa fulana mpya yenye nembo ya kampuni ileile, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Mgeni atamsalimia kwa adabu, ataomba radhi kwamba ndiyo kwanza ameanza kazi na mji haujui, kisha atamwomba amwelekeze ofisi za komini ziko wapi.