Mluzi wa Subaru na Dawa Yake

Muuza vitumbua wa kona yetu, Mbezi Beach, hakuwa na haja ya kunyanyua kichwa. Kila asubuhi, Subaru yangu ikiwa bado nyuma ya ukuta wa shule, yeye alikuwa ameshanifungia vitumbua vinne kwenye karatasi. Alikuwa amezisikia breki: mluzi mwembamba, mrefu, wa kukereza meno, unaoanza gari likipunguza mwendo na kukatika pale tu magurudumu yanaposimama.

Mluzi ule ulidumu miezi mitatu. Gari ni Impreza WRX STI, lenye zile kalipa za Brembo za rangi ya dhahabu ambazo watoto huchungulia kati ya njiti za rimu. Nalipenda gari hilo na sioni haya kusema hivyo. Nilizifunga pedi za mbio kwa sababu sanduku lilikuwa na picha ya uwanja wa mashindano, nami nikaamini kwamba gari la kasi lataka pedi za kasi. Mwongozo huu namwandikia kila aliyenunua sanduku la namna hiyo, ili miezi yangu mitatu kwake iwe Jumamosi moja.

Kabla hujashika spana, sikiliza. Kelele za breki zina koo nyingi, na si zote za kunyamazishwa. Iko ya alfajiri: gari limelala nje, umande na hewa ya chumvi ya bahari vimeitandazia diski kutu ya rangi ya chungwa, ukikanyaga breki mara tatu nne za kwanza unasikia mkwaruzo, kisha kimya. Hiyo ni kutu inafutwa; iache ifutike. Iko ya kilimi cha onyo, kibati chembamba kinachofungwa kwenye pedi nyingi ili kiguse diski pedi ikibaki kama milimita mbili au tatu. Hicho mara nyingi hulia hata hujakanyaga breki. Wapo wanaokikunja kwa koleo ili kinyamaze, na huko ni kumziba mdomo mlinzi aliyemwona mwizi ukutani. Na iko kelele ya kusaga, nzito, inayokufikia hadi kwenye nyayo: pedi imekwisha, chuma kinakula chuma. Ukiisikia hiyo, weka karatasi hii chini na usiliendeshe gari tena mpaka ubadilishe pedi.

Iliyobaki ndiyo yetu: mluzi wa pedi nzima, nene, tena ya gharama.

Mpiga fidla wa taarabu hupaka ulimbo kwenye upinde kabla ya kuanza. Ulimbo huzifanya nywele za upinde ziung'ang'anie uzi, ziuvute, uzi uponyoke, ziung'ang'anie tena, mara mamia kwa sekunde moja. Kung'ang'ania na kuponyoka huko ndiko sauti yenyewe. Pedi na diski hufanya hivyohivyo, ila kwa mitetemo inayoanzia kama 1,000 kwa sekunde na kupanda hadi zaidi ya 10,000. Sikio la mwanadamu ni jepesi kuliko kawaida kati ya 2,000 na 5,000, na ndiyo maana mluzi wa breki humfikia mtu wa ghorofa ya nne wakati muungurumo wa injini umeshapotelea njiani. Diski nayo ni upatu: sahani ya chuma iliyoshikwa katikati, ukingo ukiwa huru kutetema. Ukiuwekea upatu kiganja, unanyamaza. Shika picha hiyo, kwani kazi yote ya Jumamosi ni kutafuta mahali pa kuweka kiganja.

Jambo hili lina umri sawa na breki za diski zenyewe. Frederick Lanchester, mhandisi wa Uingereza, alizipatia hataza mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na zilipiga mayowe yasiyovumilika. Miaka mitano baadaye Herbert Frood alizivika asbestosi, mayowe yakapungua. Asbestosi ikakaa ndani ya breki za dunia kwa miongo mingi huku ikiharibu mapafu ya watu waliozitengeneza na mafundi waliozipuliza vumbi kwa kompresa. Kwa hiyo leo, hata kama pedi yako imeandikwa kwamba haina kitu hicho, usipulize vumbi la breki. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, kitupe. Fundi wako ana watoto.

Sasa tuanze na dukani, kwa sababu nusu ya mluzi hununuliwa. Ukienda Kariakoo utaambiwa kwamba pedi hii ni "ya chuma" na ile ni "ya kawaida", na utavutwa na ile ya chuma. Pedi za aina hiyo huwa na metali kwa kiasi kinachofika kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake: vumbi la chuma, nyuzi za chuma, wakati mwingine shaba. Zinahimili joto kali na hazilegei ukishuka mlima kwa kasi. Lakini pedi ya mbio halisi hutaka joto la mamia ya nyuzi ndipo ishike kwa utulivu, na joto hilo hulipati kwenye foleni ya Mwenge ukisogea mita nne kila dakika mbili. Pedi ikiwa baridi ni ngumu, na ugumu huo ndio ulimbo wa upinde. Muulize muuzaji swali moja: pedi hii inaanza kufanya kazi katika joto gani? Watengenezaji wengi wa pedi za mbio huliandika. Kama huendi uwanjani, chukua pedi ya barabarani yenye nguvu, ile inayoshika tangu asubuhi ya kwanza. STI ina pistoni nne kila kalipa ya mbele na mbili kila kalipa ya nyuma. Haina upungufu wa nguvu mjini. Nasema hili kwa moyo wote, maana nimeona watu wakibadilisha diski, kalipa na hata mabomba kwa sababu ya kelele ambayo ingeondoka kwa kurudisha sanduku dukani.

Tuseme pedi ni sahihi na bado zinalia. Jumamosi, saa mbili asubuhi, chini ya kivuli. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, kisha nyanyua kwa jeki na uweke stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kutegemea. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Gurudumu likishatoka, kwenye kalipa hizi za Brembo pedi hushikwa na pini mbili na bati la springi, na huchomolewa bila kuing'oa kalipa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Pedi zikitoka, zilaze mezani kwa mpangilio uleule, ya ndani upande wa ndani, ya nje upande wa nje.

Zitazame. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo mafundi wengi hupita mbio. Pedi iliyolika mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, inakwambia kwamba pistoni mojawapo imekwama au masikio ya pedi hayatelezi kwenye nafasi yake. Uso unaong'aa kama kioo unakwambia pedi ilichomwa kabla haijazoea. Kingo kali zilizochongoka ndizo zinazoikwaruza diski kama kucha ubaoni; pedi nzuri hutoka kiwandani kingo zake zikiwa zimechongwa mshazari, na kama zako hazikuchongwa, zichonge kidogo kwa msasa ulioutandaza juu ya kioo au sakafu iliyonyooka, ukiwa umevaa barakoa. Kisha tazama mgongo wa pedi. Je, kuna shimu, kile kibati chenye utando wa mpira? Pedi nyingi za mbio huuzwa bila shimu, maana uwanjani mpira huungua. Mjini, shimu ndiyo kiganja juu ya upatu. Kama zile za zamani bado nzima na zinaenea, zihamishe. La sivyo nunua.

Safisha masikio ya pedi na mahali yanapokaa ndani ya kalipa kwa brashi ya waya hadi pedi iingie na kutoka kwa vidole, bila kugongwa nyundo. Paka grisi ya breki, ile ya silikoni au ya kauri inayostahimili joto, kwa unene wa utando wa jicho: kwenye masikio, kwenye pini, na mgongoni mahali pistoni inapogusa. Grisi ya bearingi haifai. Ina mafuta yatokanayo na petroli, ambayo huvimbisha mipira ya breki, na mpira uliovimba ndio huikwamisha pistoni na kukurudisha hapa mwezi ujao.

Hapo nina dukuduku. Katika mwezi wangu wa pili nililipeleka gari kwenye gereji moja mjini. Fundi alinirudishia likiwa kimya kabisa, nikamshukuru. Jioni, nikiteremka kilima chenye lori mbele, nilikanyaga na gari likaendelea kwenda. Lilisimama shubiri moja kutoka kwenye bampa la lori. Alikuwa amepaka grisi kwenye uso wa pedi, upande unaogusa diski. Breki isiyosuguana hailii, ni kweli. Pedi zile nilizitupa, kwa sababu pedi iliyokunywa mafuta haisafishiki. Mtu akikupendekezea grisi, oili au sabuni kwenye uso wa pedi, chukua ufunguo wako uondoke.

Diski nazo. Ukingoni au kwenye kitovu chake kuna unene wa mwisho uliochapwa; ukifika hapo, hakuna kukereza tena, ni kununua. Kama usukani hutetemeka ukifunga breki, mwambie fundi aweke saa ya kupimia: diski inayoyumba zaidi ya takribani sehemu moja ya kumi ya milimita tayari ina kasoro. Mara nyingi si diski, ni kutu kwenye kitovu diski inapokalia. Iondoe. Na kama unabadilisha aina ya pedi lakini diski ni ileile, pitisha msasa pande zote mbili kwa mizunguko midogomidogo, utando wa pedi za zamani uondoke, maana pedi mpya haipendi kuolewa kwenye kitanda cha mke mwenza.

Rudisha kila kitu, sukuma pistoni taratibu huku ukiangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, kwa kuwa mafuta yale hula rangi ya gari. Kisha kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Anayesahau hatua hiyo hugundua kwamba hana breki akiwa ameshatoka getini.

Inabaki kazi inayorukwa na karibu kila mtu. Pedi mpya hufundwa. Sina neno bora kuliko hilo la makungwi: huingizwa ndani, hufundishwa polepole, hutolewa ikiwa imekomaa. Soma kwanza maelekezo ya sandukuni. Yasipokuwapo, toka alfajiri kwenye barabara tupu mahali sheria inaporuhusu mwendo huo. Funga breki kwa upole mara chache upashe moto. Kisha toka kilomita 80 kwa saa hadi 20, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, mara nane hadi kumi mfululizo. Harufu ya kuungua itakuja; ni gundi ya pedi inatoka. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki kadiri uwezavyo, zipoe kwa upepo. Usisimame ukiwa umezikanyaga zikiwa za moto, kwani pedi itaacha chapa yake kwenye diski na utaisikia chapa hiyo kila mzunguko. Wala usipitie kuoshea gari. Maji baridi juu ya diski ya moto huipinda au kuipasua. Ukirudi nyumbani, diski iwe na utando wa kijivu ulio sawa pande zote, bila mabaka.

Langu lilinyamaza siku hiyohiyo. Bado hulia kidogo likirudi nyuma asubuhi baada ya mvua, sekunde mbili hivi, na hapo sigusi kitu. Muuza vitumbua ameanza kuchelewa kunifungia.