Kesi ya Bendi Bora, Rafu ya Pili

Adhana ya alasiri ikilia, fundi wa redio hurudisha ubao mmoja wa mlango, huacha kigoda nje kuonyesha kwamba hajaenda mbali, kisha hushika njia ya msikitini. Hapo rafu yake ya pili hupata uhuru wa kusema: Gitaa, Kaseti na bibi yao Taishokoto, kinanda cha nyuzi na vitufe. Siku hiyo mada ilikuwa bendi ipi ilitia fora Mombasa miaka ya sabini na themanini. Hakimu alikuwa Paka Shume, ambaye hakuteuliwa na mtu. Alikuwa amelala juu ya amplifaya, na katika Mji wa Kale aliyekaa juu ndiye mkubwa.

GITAA: Nianze mimi, kwa kuwa hapa mimi ndiye wa umeme.

TAISHOKOTO: Umeme gani, mwanangu, na nyuzi mbili huna?

GITAA: Nnazo nne, bibi.

TAISHOKOTO: Haya, sema na hizo nne.

GITAA: Them Mushrooms. Wale ndugu wa ukoo wa Harrison walianza hapa 1972. Mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", utungo wake Teddy Kalanda, na mwaka uliofuata Boney M. wakauimba wimbo huo Ulaya. Nani mwingine wa pwani alifika huko?

KASETI: Ulifika kwa miguu ya watalii. Mtu ashuka kwenye ndege, hajaona hata mnazi, ashaambiwa hakuna matata.

GITAA: Wivu huo. Mimi nimepigwa hotelini miaka mingi. Tuliupiga wakati wa chakula cha usiku, tukaupiga kando ya bwawa, tukaupiga tena mgeni akikata keki.

PAKA SHUME: Kila usiku?

GITAA: Kila usiku, mheshimiwa.

PAKA SHUME: Na nyimbo zenu wenyewe?

GITAA: Tulikuwa nazo. Meneja alisema Wajerumani hawazijui.

KASETI: Basi nisikilizeni mimi. Upande wangu wa kwanza ni Simba Wanyika. Wilson na George Kinyonga, wana wa Tanga. Walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, na 1971 wakatua Mombasa, bendi ikazaliwa. Magitaa yale yalisemezana bila moja kumkata mwenzake kauli, jambo ambalo rafu hii haijajifunza.

KUNGURU (dirishani): Wa Tanga hao! Mimi nilidhani twazungumza bendi za Mombasa.

KASETI: Na wewe wa wapi, yakhe? Wazee wako waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 waje kula taka. Leo umekaa juu ya dari ya watu wapiga kelele wajiita mwenyeji.

KUNGURU: Mimi nimezaliwa Makadara!

KASETI: Sawa, na upande wangu wa pili ni Juma Bhalo, kazaliwa Malindi, na lahani zake nyingi zatoka filamu za Kihindi. Zein l'Abdin, fundi wa udi, ni wa Lamu. Tukianza kuulizana kitambulisho, mji huu utabaki na mizinga ya Fort Jesus peke yake, nayo ni ya wageni.

PAKA SHUME: Rudi kwa Simba Wanyika. Wako wapi baada ya Mombasa?

KASETI: Walihamia Nairobi. Mwaka 1978 wengine wakajitenga wakawa Les Wanyika, ndio wa "Sina Makosa".

PAKA SHUME: Na Mushrooms?

GITAA: Nairobi pia. Mwaka 1987.

PAKA SHUME: Kwa hivyo bendi ya Mombasa ni ile itokayo kwingine ikapita hapa kwenda Nairobi.

KASETI: Studio ziko huko, mheshimiwa. Kampuni za santuri ziko huko. Hapa tulikuwa na duka la Assanand na lebo yake ya Mzuri, na kwa taarab lilifanya kazi kubwa. Lakini mwenye gitaa alitaka mji mkuu.

GITAA: Mngekuwa na adabu mngeanza na Mbaraka Mwinshehe. Morogoro nzima haikutoa mpiga solo wa kumfikia, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua hukuhuku kwetu Mombasa.

Hata Kunguru alinyamaza. Lakini kunguru akinyamaza huwa anapanga.

KUNGURU: Mwataka roki, sivyo? Basi mimi nataja Queen.

KASETI: Lahaula!

KUNGURU: Freddie Mercury kazaliwa Unguja, 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazee wake Waparsi wa Bara Hindi. Walivuka bahari ileile waliyovuka wazee wangu. Huyo ni ndugu yangu kabisa.

PAKA SHUME: Familia yake iliondoka Unguja lini?

KUNGURU: 1964, baada ya mapinduzi.

PAKA SHUME: Na Queen ilianza lini?

KUNGURU: 1970. London.

PAKA SHUME: Kwa hivyo bendi hiyo haikuwahi kupigia Forodhani wala kwenye uwanja wowote wa huku.

KUNGURU: Lakini wamemfungulia jumba la makumbusho Shangani tangu 2019!

PAKA SHUME: La watalii. Mambo ya watalii tushayamaliza. Mwingine.

GITAA: Slim Ali na Hodi Boys. Slim mtoto wa Mombasa, aliimba soul kwa Kiingereza hata wageni wakauliza ni Mmarekani wa jimbo gani. Au Mombasa Roots, waliochukua chakacha wakaitia disko watu wakalipa kiingilio.

TAISHOKOTO: Waliichukua wapi hiyo chakacha?

GITAA: Ilikuwepo tu.

TAISHOKOTO: Ilikuwepo wapi?

GITAA: Kwenye... harusi.

TAISHOKOTO: Ala! Sasa nipisheni. Mimi ni wa jamaa iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Tulikusudiwa kupigwa nyumbani, kistaarabu, na vitufe vyetu hivi kama vya taipureta. Tulipofika Mombasa wakanibandika kinasa sauti kifuani, wakanichomea waya, wakanitia kwenye amplifaya hiyo aliyoilalia mheshimiwa, na vipaza sauti wakavifunga juu ya nguzo. Mtaa ukafungwa kwa maturubai. Matano Juma na Morning Star yake wakaleta ogani. Maulidi Juma akaja na kundi lake. Kisha akaingia Zuhura Swaleh na sauti ile, mimi nafukuzana naye, ngoma za chakacha zagonga, na wanawake wamejifunga leso kiunoni. Alfajiri wazee wakaja kulalamika kwamba hawakulala. Umeme, kelele, viuno, na wazee waliokasirika: London waliita roki, hapa mkaita shughuli za kina mama.

GITAA: Lakini bibi, hiyo ni taarab. Barazani hakuna mwanamume aliyewahi kuihesabu kuwa bendi.

TAISHOKOTO: Kwa kuwa hawakualikwa.

KASETI: Na malipo?

TAISHOKOTO: Papo hapo. Mwanamke akisikia ubeti uliomgusa, au uliomgusa jirani yake, huinuka na noti mkononi, acheza hadi mbele, amtunza mwimbaji huku akimtazama anayekusudiwa. Akilipa, kabla hajaondoka ajibiwa na mwingine kwa noti kubwa zaidi. Hakuna meneja hapo katikati.

KUNGURU: Naomba kupinga. Hakimu ana maslahi. Ukoo wake wote ulilelewa chini ya masufuria ya pilau za harusi hizo.

PAKA SHUME: Ni kweli, na iandikwe. Harusini tulipewa mifupa, hotelini tulimwagiwa maji. Hakimu asiyekula popote mtamtoa wapi? Sasa hukumu. Mushrooms wana wimbo mmoja mkubwa, nao uliwafunga mikono wanamuziki wa hoteli zote za pwani. Simba Wanyika ni magwiji, ila wapewe tuzo yao Nairobi. Queen imetupwa na gharama, alipe Kunguru. Bendi bora ya enzi hizo ni Zuhura Swaleh na kundi lake, na Matano Juma amfuate. Mwenye rufaa aende Mahakama ya Juu, iko Nairobi waliko wengine wote.

Fundi akaingia, akamshusha hakimu kwa kitambaa, kesi ikafungwa. Mimi mwandishi nipo upande wa paka. Santuri za Simba Wanyika zimetolewa upya na watu wa mbali, na "Jambo Bwana" haiwezi kupotea hata ukitaka. Kanda ya harusi aliyoirekodi shangazi yako kwa redio yake mwaka 1983 haina nakala. Kama iko chini ya kitanda, usiitupe: mpelekee fundi aihamishe kwenye flashi wiki hii, kabla ukungu haujaila.