Yah: Ombi la sehemu ya pili ya gemu ya baiskeli

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Sony Interactive Entertainment,
California, Marekani.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, sisi wateja wenu wa Soweto, Moshi, tunawapongeza kwa kazi nzito ya kututengenezea gemu ambazo tayari zipo. The Last of Us ilitoka 2013. Mwaka 2014 mkaipiga msasa, ikatoka tena. Mwaka 2022 mkaijenga upya kuanzia msingi na kuiuza kwa bei ya gemu mpya, ili aliyekwisha kulia mara mbili apate kulia mara ya tatu, safari hii akiona mpaka vinyweleo. Sehemu ya pili, ya 2020, mliisafisha Januari 2024, hata haijachafuka.

Pongezi pia kwa Concord. Ilizaliwa tarehe 23 Agosti 2024, mkaizima tarehe 6 Septemba, na waliolipa wakarudishiwa fedha zao. Arobaini haikufika. Huku kwetu pedi iliyogandishwa kwa supagluu hukaa zaidi ya hapo.

Kwa kuwa inaonekana fedha mnazo na kilichopungua ni mawazo, tumeona tuchangie upande huo.

Fungueni kabati la zamani mtafute Downhill Domination. Ni mali yenu, labda mmesahau. Ilitoka 2003 kwa ajili ya PlayStation 2, kazi ya Incognito wa Salt Lake City, studio iliyofungwa 2009. Ni baiskeli, mlima na kuteremka, basi. Mpinzani akikusogelea, unampa teke au ngumi. Hakuna hadithi ndefu, hakuna stelingi anayemkumbuka marehemu mkewe. Na sehemu ya pili haikuja mpaka leo.

Njooni muone inavyoishi. Kwenye banda la gemu mtaani kwetu mashine imesimamishwa kwa ubavu, maana ikilazwa lenzi haisomi. CD inafutwa kwa tisheti, inapulizwa, inarudishwa. Analogi ya kushoto ya pedi ilishavuka raba yake, kikabaki kijiti kitupu. Mangi wa banda amekivika kipande cha tyubu. Mchezaji mmoja, sarafu ya mia mbili, na nyuma ya benchi watoto watano, wote makocha. Winning Eleven ndiyo inayoshika runinga kubwa, hilo halihitaji kupigiwa debe. Ya baiskeli inawekwa wakubwa wakishaondoka, na hapo ndipo kelele za kweli zinapoanza. Tumesikia kwamba PlayStation 2 mliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155. Banda letu halikupata taarifa.

Sasa hiyo sehemu ya pili. Ianzie Kibosho, alfajiri, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekwisha kuilainisha njia. Baiskeli iwe ya chuma, gia hakuna. Kwenye keria mikungu mitatu ya ndizi, na ubavuni dumu la maziwa limefungwa kwa mpira. Breki ni ndala: mguu wa kulia unarudi nyuma, soli inakandamizwa kwenye tairi, pedi inatetemeka, na mwenye ujuzi anajua kwa mtetemo huo zimebaki kona ngapi kabla ndala haijaisha. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, umefurika na kukata njia. Kutoka chini anapanda mtu anayesukuma baiskeli yenye majani ya ng'ombe. Yeye haonekani, yanaonekana majani yakitembea. Huyo hapigwi teke. Anaamkiwa, na usipomwamkia unakatwa pointi. Hatua ngumu kuliko zote iitwe Desemba: Wachaga wamerudi nyumbani, magari ya Dar yamejaa njia nzima, na kila dereva anakagua ghorofa jipya la jirani badala ya kuangalia mbele. Adui wa mwisho asiwe jitu lenye pembe. Awe dalali wa sokoni Mbuyuni, anayezitazama ndizi zako na kusema zimechubuka.

Mtauliza tutalipaje. Hapo ndugu Mkurugenzi tuna jambo. Kijana wetu akifungua akaunti ya PlayStation Network, anafika kwenye orodha ya nchi: Tanzania haipo. Kenya haipo, Uganda haipo. Kusini mwa Sahara mnaijua Afrika Kusini peke yake. Basi kwenye nchi anajaza Afrika Kusini, na kwenye mji anaandika Soweto. Mkitaka kutushtaki kwa udanganyifu, kumbukeni nusu ya anwani ni kweli tupu. Mei 2024 mlipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yenu, gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, dunia ikapiga kelele, mkarudi nyuma. Sisi hatukulalamika. Kwa kumbukumbu zenu tulikuwa karibu na Johannesburg.

Wala msisingizie mtandao. Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti ya kasi mlimani mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, mwenye kilo 20 za mgeni kichwani anaweza kupiga simu ya video akiwa juu ya mawingu. Kununua gemu kwenu hawezi.

Kilichotuuma zaidi ni Tales of Kenzera: Zau. Ilitolewa na wenzenu wa EA tarehe 23 Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na baba yake, msiba akaugeuza gemu: mganga kijana anapatana na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba. Kasoro zipo, maadui ni walewale na safari ni fupi. Lakini unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili, Kiswahili cha watu wanaogombana na kuomboleza, si cha kutangaza ndege imechelewa. Siku ileile ilipotoka mkaiweka kwenye PlayStation Plus, wanachama wa ngazi za juu wasiongeze hata senti. Ukarimu ulioje! Gemu ya Kiswahili ikafika Iceland na Ufini siku ya kwanza, huku kwenye huduma hiyohiyo Mombasa na Moshi hazimo. Mwaka haujaisha, studio ya Salim ikapunguza watu. Gemu hiyo nayo tunaiombea sehemu ya pili, ndefu zaidi, na safari hii wauzieni na wanaoielewa.

Tunasubiri majibu. Yatumeni kwa njia ya kawaida, maana kwenye mtandao wenu hatupo.

Wenu katika kuteremka,
Raia wa Afrika Kusini, Soweto, Moshi.

Nakala: Electronic Arts, kwa taarifa. Barua yenu kuhusu gemu ya mpira mtaipata kila Septemba. Itakuwa ileile, tutabadilisha mwaka tu.