Muulize Shangazi Mtandao

*Shangazi, shikamoo. Nina karakana ya fenicha Keko. Kijana mmoja kanitengenezea tovuti kwa laki tisa: ina muziki, picha zinazunguka, na "Karibu" ya rangi ya dhahabu. Hadi leo hakuna aliyeagiza hata stuli. Nimerogwa? — Fundi, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa, wateja wameishiwa bando. Nimeifungua tovuti yako ndani ya daladala pale Gongo la Mboto. Tulipofika Tazara kikatokea kipande cha mguu wa kitanda, muziki ukalipuka, abiria wote wakanigeukia. Picha ya simu huwa na megabaiti tatu, nne, nawe umebandika lundo. Zipunguze hadi kilobaiti 200 hivi kila moja. Kitanda kitabaki kitanda. Muziki uzime leo hii.

Kisha nikatafuta bei. Hakuna. Nikatafuta ulipo, umeandika "Tunapatikana Dar es Salaam", kana kwamba mteja atagonga milango kuanzia Kigamboni mpaka Tegeta. Uko Keko, mji mzima unajua fenicha ni Keko, halafu unaificha Keko! Mtu akiingia Google huandika "kitanda cha mninga tano kwa sita bei". Haandiki "umaridadi usio na kifani". Basi taja mbao gani, futi ngapi, shilingi ngapi, na usafiri ni juu ya nani. Jisajili kwenye ramani ya Google pia. Ni bure, hata kama kijana wako ana bei yake. Weka picha ya mbele ya karakana na saa za kufungua. Namba ya WhatsApp iwe ya kubonyeza. Hiyo uliyoiweka ni picha ya namba, nami sikupanda daladala na kalamu.

*Shangazi, nauza madera Instagram. Mtu akiuliza bei namwambia "njoo DM". Wakija, wananyamaza. Kwa nini? — Mama Madera, Kariakoo*

Kwa sababu wamekuja na swali wakakuta salamu, tena baada ya saa sita. Dera la 15,000 lina siri gani? Najua unaogopa jirani ataiona bei yako akaishusha ya kwake. Mwanangu, jirani anaijua zamani. Ndiye pekee mwenye subira ya kukusubiri huko DM.

*Shangazi, nimenunua wafuasi elfu kumi. Hakuna hata mmoja aliyenunua chapati. — Kijana wa Chapati, Morogoro*

Wafuasi hao hawana midomo. Hela iliyobaki nunua unga. Alfajiri, chapati ya kwanza ikitoka, ipige picha uiweke kwenye status ya WhatsApp pamoja na bei, na useme kama unapeleka mpaka stendi ya Msamvu. Status hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo kesho piga nyingine. Na tafadhali, iwe chapati ya kesho kweli. Ile ya Jumanne nimeshaiona mara tatu.