Namna ya Kuwa Mshauri Mwelekezi Bila Kuumia kwa Ushauri Wako

Fundi akijenga ukuta ukaanguka, fundi anatafutwa. Daktari akikosea, lipo baraza la kumnyang'anya leseni. Mshauri mwelekezi akikosea, huitwa tena kufanya tathmini ya kilichoharibika. Kama una kijana nyumbani amemaliza chuo na hapendi kutafutwa, mwonyeshe kazi hii. Leseni haihitajiki: koti, projekta na hatua sita zinatosha.

1. Jifunze lugha. Usiseme "punguzeni watu". Sema "oanisheni rasilimali watu na mpango mkakati". Usiseme "sijui", sema "panahitajika upembuzi yakinifu". Kila aya iwe na wadau, tija na mazingira wezeshi. Mkurugenzi akielewa yote aliyosoma ataona angeweza kuyaandika mwenyewe, na hapo ankara yako itachelewa.

2. Waulize wenye kazi. Mtunza stoo, dereva na mama wa masjala wanajua tatizo liko wapi tangu siku nyingi. Keti nao, agiza chai, andika kila wanachosema. Kisha kitie mishale na rangi tatu, uwauzie wakubwa wao. Wao walikuwa wakikisema bure, ndiyo maana hakikusikika.

3. Wahi. Mzabuni wa kawaida husubiri tangazo gazetini. Bingwa humjua bosi kabla hajawa bosi. Huko Afrika Kusini, mkuu wa ofisi ya kampuni ya ushauri ya Bain alikutana mara kadhaa na Tom Moyane kabla Moyane hajateuliwa, mwaka 2014, kuongoza mamlaka ya mapato, SARS. Baadaye kazi ya kuipanga upya SARS ikaangukia kwa Bain, na kitengo cha walipakodi wakubwa kikavunjwa. Tume ya Jaji Nugent ilipoyafukua hayo mwaka 2018, Bain ilirudisha malipo pamoja na riba. Usiogope mfano huu. Fedha hurudishwa kwa hundi moja; wachunguzi wazoefu wa SARS waliokwisha kuondoka ndio wagumu kurudisha, na hao hawamo katika mkataba wako.

4. Uwe ndumilakuwili mwenye vyeti. Mshauri mchanga huchagua upande. Mkomavu huwahudumia mlinzi na anayelindwa dhidi yake. Mwaka 2022 kamati ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba washauri wasiopungua 22 wa kampuni ya McKinsey waliwahi kuifanyia kazi FDA, mamlaka inayosimamia dawa, na pia kuwafanyia kazi watengenezaji wa dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Ukiulizwa, eleza kwamba kati ya vyumba viwili upo ukuta imara. Habari za mlango usizitaje.

5. Geuza watu kuwa tarakimu. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Kampuni ya Purdue iliuza OxyContin, dawa iliyowatia Wamarekani wengi uraibu. Slaidi zilizoandaliwa na McKinsey mwaka 2017 zilipima wazo la kuwafidia wasambazaji kila mteja wao alipozidisha dozi; kadirio mojawapo lilikuwa dola 14,810 kwa tukio. Litazame vizuri neno hilo: tukio. Ukisema "mtoto wa watu amezirai chooni", mkutano utanyamaza na pengine mtu ataondoka. Ukisema "tukio", mtaendelea hadi chakula cha mchana.

Mambo yakiharibika, iite adhabu gharama za uendeshaji. Desemba 2024 McKinsey ilikubali kulipa dola milioni 650 kwa kazi yake na Purdue, na mshirika wake mwandamizi wa zamani akakubali kukiri mahakamani kwamba aliharibu kumbukumbu. Mwezi huohuo ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kwa sababu ya rushwa katika zabuni za Afrika Kusini. Ofisi hazikufungwa.

6. Ondoka kabla ya utekelezaji. Wahenga waliposema mchimba kisima huingia mwenyewe, walikuwa hawajakutana na mshauri mwelekezi. Yeye huchora kisima, hupokea malipo, huwahi ndege.

Sisi Watanzania tunakijua kisima hicho. Mwaka 1972 serikali ilianzisha Madaraka Mikoani, mfumo uliochorwa kwa ushauri wa McKinsey hiyohiyo. Halmashauri za wilaya zikafutwa, maofisa wakapelekwa mikoani kuamua kwa niaba ya wananchi waliokuwa na madiwani wao. Miaka kumi baadaye ikatungwa sheria ya kuzirudisha. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia.

Aliyekiri ni Mwalimu, aliyekuwa na wananchi wa kumwuliza. Mshauri hakuwa na kijiji cha kurudi.

Basi wewe unayekaribia kusaini mkataba, chukua hadidu za rejea uongeze kipengele kimoja: baada ya miaka mitatu mshauri arudi kwa nauli yake, asimame mbele ya walioguswa na ripoti, aisome kwa sauti. Mwaminifu atauliza tarehe. Mwingine ataomba kwanza upembuzi yakinifu.