Neema kwa Bahasha

Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipoteremsha mto wake wa moto katikati ya Goma hata ukaingia Ziwa Kivu, haukuuliza nani amelipa zaka kamili na nani ana baki. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia sawasawa na nyumba za mafasiki. Ungedhani ibra kama hiyo ingetosha kututia adabu. Kumbe juu ya mawe yaleyale meusi hukosi kukuta hekalu la mbao na mabati, lenye vipaza sauti vya kumfanya mpita njia ashuku kwamba Mwenyezi Mungu amekuwa mzito wa kusikia, na ambamo neema, aliyowahakikishia Mtume Paulo Waefeso kwamba haichumwi kwa jitihada ya mtu, hupimwa kwa bahasha: wenye dola mbele, wenye faranga nyuma. Huko nabii humbashiria mama muuza makaa kwamba mwaka hautakwisha bila motokaa. Na kweli haukwishi, ila mama bado yu kwa miguu, na nabii ndiye aliye nyuma ya usukani. Asiyeuona muujiza hapo ana uhaba wa imani: ahadi imetimia barabara, isipokuwa imekosea anwani.