Wiki ya Ufagio

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti waliokuja pwani yetu walikuwa karibu watu wa mtaa mmoja. Johann Ludwig Krapf, aliyetua Mombasa mwaka 1844, alizaliwa Derendingen. Johannes Rebmann, aliyemfuata miaka miwili baadaye, alizaliwa Gerlingen. Vijiji vyote viwili viko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, na siku hizi mtu anaweza kunywa chai katika kile cha kwanza na kula chakula cha mchana katika cha pili. Kwa hiyo dayosisi yetu ya KKKT ilipompangia mume wangu kwenda kuhudumu Württemberg kwa mpango wa kubadilishana wachungaji, watu wa Lushoto walitupongeza kana kwamba tumetumwa kurudisha deni la ukoo. Kwenye ibada ya kutuaga, mzee mmoja wa kanisa aliomba kwa sauti ya kutikisa mabati: Wajerumani walituletea Injili, sasa Bwana anawapelekea. Akatuombea safari, afya, lugha na ushindi dhidi ya Ibilisi. Akasahau kutuombea kuhusu takataka.

Baba Mchungaji huiandikia dayosisi taarifa ya kazi mara kwa mara. Taarifa zake ni safi: kazi inasonga mbele, washarika wametupokea vizuri, watoto wanaendelea na masomo, tunaomba mzidi kutukumbuka katika sala. Hakuna neno la uongo ndani yake. Mimi nawasimulia yale yaliyobaki nje ya bahasha.

Tulipokabidhiwa nyumba, ghorofa ya tatu, tulipewa funguo na karatasi. Funguo zilikuwa mbili. Karatasi ilikuwa ndefu. Maganda ya viazi yana pipa lake, la kahawia. Magazeti na maboksi yana lake. Plastiki na makopo yanakwenda kwingine. Chupa hupelekwa mtaani kwenye makontena, nyeupe kwa nyeupe, kijani kwa kijani, kahawia kwa kahawia, tena si usiku wala Jumapili, maana kishindo chake huudhi majirani. Kisichokuwa na kwao ndicho huingia pipa la mabaki. Jioni ya kwanza tukanywa chai, na mfuko wa majani ukatushinda. Una majani, una karatasi, una uzi, na kwenye uzi kuna kipini cha chuma. Familia nzima tukauzunguka pale mezani, umelala kwenye kisosi unachuruzika. Baba Mchungaji akasema kwamba kule chuoni Makumira alifundishwa kuueleza Utatu Mtakatifu kwa muhula mmoja, lakini kitu chenye nafsi nne hakikuwa kwenye mtaala.

Aliyetuokoa ni Bibi wa Chini. Ndivyo watoto walivyompa jina jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, mjane wa rika la mama yangu, mwenye nywele nyeupe na mgongo ulionyooka kuliko wa polisi wa gwaride. Asubuhi alipanda ngazi na kikopo cha mtindi mkononi. Kilikuwa chetu, alikitambua kwa sababu jengo zima hakuna mwingine anayekula mtindi wa embe. Akatuonyesha kwamba kifuniko kimebaki kimening'inia, na kwamba kikopo na kifuniko ni vitu tofauti, sharti vitenganishwe kabla ya kutupwa pamoja. Vitenganishwe, kisha vitupwe pamoja. Mume wangu akaitikia kwa unyenyekevu. Baadaye alinong'ona kwamba sasa anaelewa kwa nini Matengenezo ya Kanisa yalianzia nchi hii.

Halafu kikaja kibao. Siku moja tulikikuta kimening'inia kwenye kitasa cha mlango wetu, kibao kidogo chenye maandishi ya kupendeza. Tukafurahi. Kwetu jirani mpya hupelekewa ndizi au kuku. Huku, tukasema, wanaleta mapambo. Baba Mchungaji akakipigilia ukutani sebuleni, pembeni ya picha ya milima ya Usambara. Kumbe kile kibao ndicho serikali ya jengo. Württemberg ina desturi ya wiki ya ufagio: kila kaya hupokea zamu ya kufagia na kupiga deki ngazi, ukumbi, mlango wa ghala na njia ya mbele ya nyumba, na kibao huhamia mlango kwa mlango kuonyesha ni zamu ya nani. Sisi tulikuwa tumeifunga serikali sebuleni. Ngazi zikakaa bila ufagio, majirani wakawa wanapita wakitazama vumbi, kisha wakitazama mlango wetu, na salamu zikapungua joto. Kibao kiligunduliwa na Bibi wa Chini alipokuja kuhusu jambo jingine. Alikitazama ukutani kwa muda, akatazama picha ya Usambara, akaomba bisibisi.

Jambo jingine lenyewe lilikuwa kinu. Nilikuja na kinu kidogo cha mninga, kwa kuwa kitunguu saumu cha kusagwa kwa mashine hakina adabu. Jumapili moja, tumetoka ibadani, mchungaji ametoka kuhubiri juu ya pumziko la Bwana, mimi nikaanza kutwanga. Kengele ya mlango ikalia. Bibi wa Chini akauliza kama tunafahamu leo ni siku gani. Mume wangu, bado na kola yake ya kichungaji shingoni, akajibu kwamba anafahamu. Basi akaelezwa kwamba Jumapili hatutwangi, hatupigi misumari, hatukati majani kwa mashine, na hata siku za kazi ni vyema kunyamaza kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, kama kanuni za nyumba zinavyosema. Huyu mama, naomba mjue, haingii kanisani. Wengi mtaani kwetu hawaingii. Lakini Jumapili maduka yamefungwa, ua umetulia, hata mbwa wanabweka kwa kujizuia. Amri ya tatu nimeikuta inatunzwa kwa bidii na watu wasiokuwa na habari na zile tisa nyingine, na mchungaji aliyevuka bahari kuja kuitangaza amekumbushwa akiwa mlangoni kwake, nyuma yake mkewe ameshika mchi.

Nikaona ni vyema nimpelekee mama huyu keki ya ndizi, tupatane. Nikashuka, nikapiga hodi. Alifurahi kweli, akapokea keki, akaingia ndani, nikajiandaa kumfuata. Akarudi na kalenda. Tukasimama mlangoni tukitafuta siku. Alhamisi ya wiki ya tatu, saa tisa alasiri, ilikuwa wazi. Nikakumbuka kwamba mwaka 1848 Krapf alifika Vuga, kwetu Usambara, na mfalme Kimweri ye Nyumbai akampokea. Hakuna mahali nimesoma kwamba mfalme alitoa kalenda. Hata hivyo niseme haki: Alhamisi ile ilipofika, meza ilikuwa na vitambaa vilivyopigwa pasi, kahawa, keki za aina mbili, na mwenyeji aliyenisikiliza bila kutazama simu hata mara moja. Kwetu mgeni huingia muda wowote na akamkuta mwenyeji akiwa na mambo yake. Huku unangoja wiki tatu, lakini ukiingia unapewa mtu mzima mzima.

Watoto ndio waliohamia haraka kuliko mizigo. Kitinda mimba alianza darasa la kwanza, akapewa koni kubwa ya karatasi iliyojaa peremende, kama wapewavyo watoto wote wa Ujerumani siku hiyo, na kuanzia hapo moyo wake ukawa mali ya taifa hili. Usiku mmoja tukitoka mazoezi ya kwaya, barabara tupu, hata paka hayupo, Baba Mchungaji akavuka taa ikiwa nyekundu. Mwanawe akabaki upande wa pili akilia kwa uchungu: baba amewapa watoto mfano mbaya. Tukamwambia mtoto ni yeye peke yake hapo. Akasema ndiyo, na yeye amepewa. Baba ikabidi arudi, asimame, angoje kijani, avuke upya. Kifungua mimba naye aligundua kwamba chupa tupu ya plastiki ikirudishwa dukani hulipwa senti 25, na tangu hapo hatuna mgeni anayemaliza maji yake kwa amani.

Kisha baridi. Sisi ni watu wa Lushoto. Mwezi wa saba tunavaa makoti na kuwacheka wa Tanga mjini wanaotetemeka. Tulikuja na dharau kidogo. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wa msafara wake aliita weupe ule baridi tu, basi, huku wataalamu wa jiografia wa London wakikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na Ikweta. Yule kiongozi ndiye mtaalamu. Theluji ni baridi, na ikianguka katika wiki yako ya ufagio, inakuwa pia ni yako: njia ya mbele ya nyumba sharti iwe imesafishwa kabla ya saa moja asubuhi, na mpita njia akiteleza, kesi inaweza kukuhusu. Nimemwona mtumishi wa Mungu akizoa theluji kwa koleo alfajiri, kofia ya sufu hadi machoni, akinung'unika zaburi ambayo sina hakika kama imo. Na akirudi ndani kutafuta joto, Bibi wa Chini amekwisha kutufundisha kwamba madirisha yote lazima yafunguliwe mara kadhaa kwa siku, nyumba isiote ukungu. Unanunua joto kwa euro, unalikusanya ndani, halafu unafungua dirisha unalitoa.

Kanisani kwenyewe kulikuwa na mtihani wa kimya. Ibada huanza saa nne kamili, kengele zikiisha, na saa tano watu wapo nje. Mchungaji wetu alizoea mahubiri yanayojibiwa: amina, haleluya, pambio katikati, mama mmoja kasimama kutoa ushuhuda. Huku alihubiri kwa jasho, watu wakamtazama kwa macho makavu, mwisho wakampa mkono mlangoni na kusema siku njema. Wiki kadhaa akawa halali, akijiuliza amekosea wapi. Ni mzee mmoja wa baraza aliyempa dawa: Mswabi, ndivyo waitwavyo watu wa huku, asipokulaumu, amekwisha kukusifu. Mume wangu akapiga hesabu ya kimya chote alichokwisha kupokea, akaona kwamba amekuwa akishangiliwa tangu alipofika.

Kwa ushujaa huo mpya akaingia Sikukuu ya Mavuno, ambayo huku huwa mwanzoni mwa Oktoba. Madhabahu ilikuwa imejaa: zabibu, mikate, tufaha, na mbele kabisa boga la rangi ya chungwa, kubwa kama mtoto wa kubatizwa. Nilimwona mume wangu akilitazama, nikajua. Kwetu sadaka ya mazao haiishii madhabahuni. Hutolewa nje, ikanadiwa, na jogoo wa mjane hununuliwa mara tatu kabla ya kupata mwenye kumpeleka nyumbani. Kabla ya baraka ya mwisho, Baba Mchungaji akalinyanyua boga na kuuliza nani ataanza.

Hakuna aliyeanza. Ieleweke kwamba watu hawa hutoa sana, ila hutolewa: kodi ya kanisa, ambayo Württemberg ni asilimia 8 ya kodi ya mapato, hukatwa pamoja na kodi ya serikali kabla mtu hajaona mshahara wake. Na Waswabi wanajulikana Ujerumani nzima kwa mkono wa birika. Mkono mmoja ulinyooshwa. Alikuwa bwana anayeuliza kama jambo hili limo kwenye ratiba iliyochapwa. Halimo. Kimya. Ndipo bibi wa kiti cha nyuma akasema euro tano. Mzee wa upande wa pili, ambaye nilikuja kuambiwa hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa bustani, akasema kumi. Bibi akageuka, akamtazama, akasema kumi na tano. Mpiga kinanda akaondoka kwenye kinanda ili aone. Boga liliuzwa euro 60, na mshindi alilirudisha madhabahuni linadiwe tena, bila kufundishwa na mtu.

Tulikwenda kuwasimulia Krapf na Rebmann. Wamezikwa wote wawili Korntal, nje kidogo ya Stuttgart, Rebmann mwaka 1876 akiwa kipofu, Krapf mwaka 1881, na makaburi huko, kama mjuavyo sasa, yanafagiliwa. Rebmann alikwenda Uchaga akiwa na mwavuli tu mkononi, bila silaha. Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga miezi michache tu baada ya kuingia Mombasa, akaendelea kujifunza Kiswahili miguuni pa wenyeji. Waliandika barua nyingi kwao, na vitabu, juu ya desturi zetu za ajabu. Ningelipa pesa nzuri kusoma taarifa ya upande wa pili: wapagazi walisema nini jioni kuhusu mwavuli, mpishi alisema nini kuhusu tumbo la mzungu, nani alimwonyesha pa kutupa maji machafu. Mmisionari hufika akidhani ameleta, na wenyeji humlea kwanza, wanamnyoosha, wanamfundisha kuishi, hadi siku anapofungua kinywa kuhubiri tayari ameshakuwa mtoto wa mtu. Sisi ni watoto wa Bibi wa Chini. Taarifa ya dayosisi haina safu ya kuandika hilo.

Baraza la wazee wa kanisa limekwisha kukaa kuhusu boga. Mjadala ulikuwa mrefu na muhtasari upo. Imeamuliwa kwamba mnada uingizwe kwenye ratiba ya Sikukuu ya Mavuno, kuanzia saa nne na dakika hamsini hadi saa tano na dakika tano, mazao yote yawe na namba, kila mnunuzi apewe stakabadhi, na maganda yatakayodondoka yapelekwe kwenye pipa la kahawia. Bibi wa Chini, ambaye bado haingii kanisani, amemsimamisha mchungaji kwenye ngazi kumuuliza kama anaweza kuweka nafasi ya boga mapema. Ameambiwa hapana, sharti aje mwenyewe anyooshe mkono. Ametoa kalenda.